Batli ya Seva: Ombi, Jibu na Mstari Unaobaki

1.0 Utangulizi



Kila mwaka tarehe 27 Februari, mjini Songea, hukumbukwa mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Miongoni mwao ni Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji. Kumbukumbu za maandishi za vita hivyo, vilivyopiganwa kati ya 1905 na 1907, ziliachwa kwa sehemu kubwa na watawala na wamisionari. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee, na upande wa pili ukaanza kuingia katika maandishi. Funzo lake linajulikana kwa kila mwanahistoria: daftari lina mwandishi, na mwandishi ana wakati wake wa kushika kalamu. Lililotokea nje ya wakati huo halimo daftarini, ingawa lilitokea.

Mhadhara huu unalipeleka funzo hilo kwenye daftari dogo zaidi, yaani mistari ambayo seva ya majaribio huandika kila inapojibu ombi. Hoja yake ni kwamba mwanafunzi huisoma mistari hiyo kwa kadiri ya neno alilofundishwa kuiitia, na neno lisilofaa humpoteza.

2.0 Seva ya majaribio na mstari wake

Anayefungua ukurasa wa tovuti hutuma ombi kwa kutumia kivinjari; seva hulipokea ombi hilo na kurudisha jibu. Seva ya majaribio hufanya kazi hiyo ndani ya kompyuta ya mtengenezaji mwenyewe, kwa anwani 127.0.0.1, ambayo maana yake ni mashine hiyo hiyo. Haihitaji intaneti. Kwa hiyo kijana wa Bombambili au Matogoro, mjini Songea, anaweza kuunda na kupima tovuti nzima bila kununua kifurushi.

Ichukuliwe mfano wa Django, mkusanyiko wa zana za lugha ya Python uliotolewa kwa umma mwaka 2005. Seva yake ya majaribio husikiliza kwenye lango namba 8000, na kwa kila ombi lililojibiwa huandika kwenye skrini mstari wa namna hii:

[12/Mar/2024 08:15:30] "GET /wanafunzi/ HTTP/1.1" 200 4512

Hapo pana tarehe na saa, aina ya ombi, ukurasa ulioombwa, namba ya hali ya jibu, na ukubwa wa jibu kwa baiti. Namba 200 ina maana kuwa ombi limetimizwa. 404, kwamba kilichoombwa hakikupatikana. 500, kwamba seva yenyewe imeshindwa. Tofauti ya namba hizi mbili za mwisho ni kubwa. Anayeona 404 huanza kwa kuchunguza anwani. Anayeona 500 huchunguza programu aliyoiandika.

3.0 Jaribio la maombi mawili

Mwanafunzi na aandae kurasa mbili. Wa kwanza, /polepole/, auagize usubiri sekunde 10 kabla ya kujibu. Wa pili, /haraka/, ujibu papo hapo. Kisha aombe /polepole/, na kabla sekunde 10 hazijaisha aombe /haraka/ kwa dirisha jingine.

Kwa kawaida mstari wa /haraka/ ndio utakaotangulia, ingawa ombi lake lilikuja la pili. Sababu ni kwamba seva hii huandika mstari pale jibu linapokamilika, si pale ombi linapobisha hodi. Akiianzisha upya seva kwa agizo la --nothreading, linaloilazimisha kushughulikia ombi moja baada ya jingine, /polepole/ utatangulia na /haraka/ utafuata nyuma yake. Maombi ni yale yale na yametumwa kwa mpangilio ule ule, lakini daftari limegeuka.

Jambo zito zaidi ni hili: ukurasa ukikwama bila kujibu kabisa, hauachi mstari wowote. Mwanafunzi anayetazama skrini na kusema “ombi halikufika” huenda amekosea. Limefika, nalo lingali mlangoni likisubiri. Atahangaika na kivinjari siku nzima, na kosa limo katika programu yake.

4.0 Neno na maana yake

Istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimefanyiwa kazi kwa muda mrefu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hata hivyo, kwa mistari ya seva wengi husema tu “kumbukumbu”. Neno hilo limeelemewa: ni kumbukumbu ya kompyuta, ni kumbukumbu za mkutano, ni siku ya kumbukumbu. Tena lina ahadi ndani yake, kwamba kilichotokea kimekumbukwa.

Mabaharia wana neno batli, daftari ambamo huandikwa mambo ya safari ya chombo. Batli haidai kujua yote yaliyopita baharini. Inadai kueleza yale yaliyoandikwa na nahodha, kwa saa aliyoyaandika. Huenda ikasemwa kuwa neno la pwani ni geni kwa Songea. Lakini mkoa wa Ruvuma una Ziwa Nyasa na bandari ya Mbamba Bay, na neno jipya kwa msikilizaji hujifunzwa upesi likiwa na maana moja.

5.0 Saa, umeme na siri

Batli ya seva ina mitego mingine mitatu. Kwanza, saa. Mradi mpya wa Django huanza na saa ya UTC, iliyo nyuma ya Tanzania kwa saa 3. Hivyo 05:15 ya batli yaweza kuwa 08:15 ya Songea, ambayo msemaji wa Kiswahili huiita saa mbili na robo. Pili, mistari hii huishia kwenye skrini isipoelekezwa kwenye faili. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, lakini popote pale kompyuta ikizimika ghafla, ushahidi huondoka nayo. Tatu, siri. Fomu inayotumwa kwa GET huweka majina na namba za simu ndani ya anwani, nazo huandikwa kwenye batli wazi wazi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si suala la adabu peke yake.

6.0 Hitimisho

Anayejaribu seva na aulize maswali matatu: nani ameandika mstari huu, ameuandika wakati gani, na ni lipi ambalo hakuwa na nafasi ya kuliandika? Wazee waliohojiwa mwaka 1968 walikuwa jibu la swali la tatu kwa historia ya kusini. Mwanafunzi wa kompyuta naye ajifunze kuliuliza kwa lugha yake, mbele ya skrini yake, kabla hajaamini ukimya.