Jeraha Halingoji

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga walisema hayo kuhusu nyumba, lakini ngozi na nyama ya binadamu nazo huhitaji fundi wa mapema. Mjini Kigali, askari na polisi wanalifahamu jambo hilo, maana kazi yao huwapeleka penye moto, risasi na ajali. Zimamoto ni kikosi cha Polisi ya Taifa. Na Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, iliyoanza mwaka 1968, huwatibu wanajeshi pamoja na raia.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba jeraha sharti likaushwe. Mwaka 1962 mtaalamu George Winter, aliyefanya majaribio kwa nguruwe, alionyesha kinyume chake: jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi upesi kuliko lililoachwa wazi. Hapo ndipo ilipo kazi ya haidrojeli, yaani nyuzi nyembamba mno zilizofungamana kama wavu na kushika maji mengi, mfano wa ute wa mshubiri. Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa mjini Prague waliandika habari zake mwaka 1960.

Siku hizi wanasayansi wanaunda haidrojeli zinazoitikia hali ya mwili. Aina moja huwa majimaji ikiwa baridi, lakini ikipita nyuzijoto 32 hivi hujikaza. Kwa kuwa mwili una nyuzijoto 37, inaweza kupigwa kwa sindano ikajaza shimo la jeraha lenye umbo lolote. Aina nyingine husikia uchachu. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, ilhali jeraha lililoingiwa na vijidudu mara nyingi huupoteza; hapo jeli huvimba na kuachia dawa, kama mlinzi wa zamu asiyefyatua risasi mpaka amwone adui.

Hata hivyo, nyingi kati ya jeli hizo zingali maabarani. Askari aliyeungua leo hawezi kuzingoja. Kinga yake ya kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka, wala si barafu, kwa dakika 20. Kisha kitambaa safi, kisha hospitali. Mafuta, dawa ya meno na unga havina nafasi juu ya jeraha la moto.

Moto hauulizi cheo. Mkono uliokakamaa kwa makovu haushiki bunduki, wala jembe, wala mtoto. Sayansi na iendelee na safari yake. Wajibu wa dakika zile 20 ni wa mwenzake aliye karibu.