Ua la Sokotra katika Dirisha la Majira ya Baridi

Majira ya baridi yanapoingia, maduka mengi ya London, Toronto na Stockholm hupanga karibu na milango yao vyungu vidogo vya begonia vilivyosheheni maua mekundu, ya waridi na ya rangi ya chungwa. Hununuliwa kwa kumpelekea mgonjwa, kwa kumpongeza mzazi, au kwa sababu tu mnunuzi ameuchoka weusi wa saa kumi za jioni. Kufikia Februari, mingi ya mimea hiyo imekwisha kufa. Mwenye nyumba husema baridi ndiyo iliyoiua. Aghalabu baridi husingiziwa bure. Muuaji ni kopo la maji.

Ili msikilizaji aielewe tabia ya ua hili, hana budi kwanza kurejea katika bahari anayoijua. Kisiwa cha Sokotra, kilicho chini ya Yemen, kimo yapata kilomita 240 mashariki ya Pembe ya Afrika. Manahodha wa majahazi walikijua kwa ubani na shubiri yake, na waliyaogopa maji yake wakati wa kusi. Mwaka 1880 mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, Isaac Bayley Balfour, alikwenda huko kukusanya mimea. Miongoni mwa aliyorudi nayo ilikuwamo begonia fupi, yenye majani ya mviringo kama visahani na maua ya waridi, ambayo leo wataalamu huiita Begonia socotrana.

Begonia hiyo ilikuwa na mazoea ya ajabu machoni pa watunza bustani wa Ulaya. Kusi kavu inapovuma kwa ukali, yenyewe hunyauka na kujificha udongoni katika vitunguu vidogo, ikalala. Kaskazi inapoleta mvua, huamka, na maua yake huchanua wakati Ulaya imo katika baridi. Begonia nyingine zilizopendwa huko wakati ule, zilizotokana na mimea ya milima ya Andes, zilichanua kiangazi tu na kulala baridi ilipofika. Basi watunza bustani wakaanza kuzizalisha pamoja. Katika miaka ya 1880, shamba la miche la Veitch, Uingereza, lilipata begonia za kwanza za aina hiyo. Huko Nancy, Ufaransa, Victor Lemoine aliichanganya ile ya Sokotra na nyingine kutoka Afrika Kusini, akapata Gloire de Lorraine, ua lililopamba vyumba vya Ulaya kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Otto Rieger alitoa begonia zenye nguvu zaidi, na nyingi zinazouzwa leo katika vyungu vidogo ni za ukoo huo.

Hapa ndipo kopo la maji linapoingia. Mashina ya begonia yamejaa maji, na mizizi yake ni myembamba kama nyuzi. Udongo ukilowa siku zote, mizizi hukosa hewa, huoza, na mmea hulegea majani. Mwenye nyumba anapoyaona majani yamelegea hudhani mmea una kiu, naye huongeza maji. Kwa huruma yake anaumaliza. Dawa ni kidole: kitiwe udongoni, na maji yatolewe tu ikiwa sentimita mbili za juu zimekauka. Chungu kiwe na matundu chini, na maji yanayotuama katika sahani yamwagwe baada ya robo saa. Wauzaji wengi hukifunika chungu kwa karatasi inayong'aa. Inapendeza, lakini huyazuia maji yasitoke, na jambo la kwanza ni kuivua.

Mahali pazuri ni karibu na dirisha lenye mwanga mwingi usio na jua kali la adhuhuri. Dirisha la mashariki linafaa sana. Joto la nyuzi 18 hadi 22 latosha. Tatizo la nyumba za Ulaya ni kwamba kipasha joto huwekwa chini ya dirisha hilohilo, na hewa yake kavu hukausha vitumba kabla havijafunguka. Ajabu ni kwamba ndugu aliyeko Muscat au Dubai hupambana na tatizo hilohilo kwa njia ya kinyume, kwani kiyoyozi nacho hukausha hewa. Wote wawili wanaweza kutandaza kokoto katika sinia, kutia maji kidogo, na kukiweka chungu juu ya kokoto, kitako chake kisiguse maji. Kuyanyunyizia majani maji si shauri jema. Begonia hushambuliwa upesi na ukungu mweupe unaofanana na unga, nao hustawi palipo na unyevu usiopitiwa na hewa. Jani lililoanza kupata unga huo likatwe mara moja.

Mwenye paka au mbwa akiweke chungu mbali nao, kwani begonia huwadhuru wakiitafuna.

Maua yanapokwisha, wengi huutupa mmea, na kwa kweli wakulima waliouuza hawakutarajia vingine. Anayetaka kuubakiza aukate hadi theluthi moja ya urefu wake, apunguze maji, na chipukizi zitokeapo aanze kuupa mbolea ya maji iliyozimuliwa kila baada ya wiki mbili. Majani yatarudi, maua ndiyo yanayosumbua. Damu ya Sokotra imo bado, na mmea hungoja usiku mrefu ndipo utunge vitumba. Taa ya sebuleni inayowaka hadi usiku wa manane huudanganya kwamba kiangazi hakijaisha. Kwa hiyo, vuli inapofika, mmea ufunikwe kwa sanduku au uwekwe katika chumba cha giza kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, kila siku, kwa wiki tatu au nne. Mchana urudishwe dirishani kama kawaida.

Kazi hiyo ni ya mtu mwenye subira, na usiku mmoja wa kusahau si msiba, ila zikiwa nyingi vitumba huchelewa. Vikishaonekana vimefikia ukubwa wa punje ya mtama, sanduku linaweza kuondolewa, na mmea ukaachwa dirishani usigeuzwe wala kuhamishwa, maana vitumba vichanga vya begonia huanguka kwa kusumbuliwa kidogo tu.