Fedha ya Majambia ya Kale



Katika nyumba za Lamu na Siyu yangalimo majambia ya wazee wetu, ala zake zimevikwa fedha. Fedha hiyo ikipasuka, wengine huiziba kwa lehemu ya bati na risasi. Hilo ni kosa kubwa: siku ikitiwa moto tena, risasi huila fedha ikatoboka. Sonara stadi huivua fedha kwanza, mti wa ala usiungue, kisha huiunga kwa fedha iliyochanganywa na shaba. Zamani viraka vilitokana na riale za Maria Theresa zenye tarehe 1780, ambazo sehemu 833 katika 1,000 ni fedha.

Wala msizisugue kwa mchanga. Weusi uliomo ndani ya nakshi uacheni, ndio unaoionyesha.