Usafi Unaoua Samaki

Juma hili nazungumzia tangi la samaki la sebuleni, na jinsi usafi wetu unavyoweza kuua.

Chini ya changarawe za baadhi ya matangi hulazwa sahani ya plastiki yenye matundu. Pampu hupuliza hewa ndani ya bomba lililosimama juu yake. Mapovu hupanda na maji, na maji mengine hushuka kupitia changarawe. Wengi hudhani hilo ni chujio la kunasa uchafu tu, kama la chai. La hasha! Kazi kubwa hufanywa na bakteria walioshika kwenye changarawe. Hao huigeuza amonia, sumu itokayo kwa samaki wenyewe na chakula kilichooza, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, iliyo afadhali.

Sasa bwana mkubwa anatoa changarawe zote na kuzisugua kwa maji ya bomba yenye klorini. Tangi linameremeta! Siku chache baadaye samaki wanahema juu ya maji. Kuwapata bakteria wengine wa kutosha huchukua wiki 4 hadi 6.

Mimi nasema vuta uchafu kwa mpira, sehemu moja ya changarawe kila baada ya wiki 2, bila kuzidisha robo ya maji. Mchanga laini usitumie, huziba.

Na umeme ukikatika? Maji hayapiti, bakteria wanakosa oksijeni. Samaki wasilishwe mpaka urudi, hata watoto wakililia kuwatupia mkate.