HOTUBA KUHUSU UPIMAJI WA MINYOO WA TUMBONI



Nimepewa jukumu la kueleza jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa jepesi, nalo ni maana ya majibu ya maabara yasemayo “minyoo hawakuonekana”.

Hapa Pemba tunayo, tangu mwaka 2000, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake. Katika uchunguzi wa minyoo kwa jamii, kipimo kinachotumika zaidi duniani ni cha Kato-Katz. Mtaalamu huweka juu ya kioo miligramu 41.7 za choo, huhesabu mayai kwa hadubini, kisha huzidisha kwa 24 ili kupata mayai yaliyomo katika gramu moja. Kwa kuwa kiasi hicho ni kidogo mno, mtu mwenye maambukizo mepesi huweza kupimwa na lisionekane hata yai moja.

Aidha, minyoo ambao hawajapevuka hawatagi, na mayai hayatoki kwa idadi sawa kila siku. Mayai ya minyoo wa safura hufifia na kutoweka iwapo kioo hakikusomwa ndani ya dakika 30 hadi 60. Ama strongiloidi, kinachotoka chooni ni kiluwiluwi, si yai. Hivyo huhitaji kipimo chengine. Mdudu huyu huweza kumuua mgonjwa anayepewa dawa za kupunguza kinga ya mwili.

Ndugu Wananchi, kila dawa za minyoo zinapofanya kazi katika skuli na shehia zetu, mayai huzidi kuadimika, na kipimo kimoja huzidi kukosea. Tukiharakia kuyaamini majibu hayo tukasitisha dawa, maradhi yatarejea kwa watoto wetu.

Kwa hiyo, nawaomba wananchi mpeleke choo kibichi asubuhi ile ile, na mkitakiwa kurejea siku ya pili na ya tatu msione usumbufu. Nanyi watumishi wa maabara, andikeni saa ya kutayarisha kioo na saa ya kukisoma. Viongozi nao wasiamue jambo la afya ya umma kwa kioo kimoja.