Mzee Anapobadilika Usemi: Uzee au Ugonjwa?



Katika nyumba nyingi za Uasin Gishu, mzee akianza kuongea polepole, jamaa husema, "Ni uzee tu." Mara nyingi husema kweli. Ulimi ni misuli na, kama misuli ya miguu, hupungua nguvu miaka inaposonga. Midomo nayo hulegea. Nyuzi za sauti kooni hukonda zisikutane sawasawa; ndipo sauti ya mwanamume huwa nyembamba na ya mwanamke ikawa nzito kidogo. Pumzi pia hupungua, sentensi ndefu ikakatwa katikati.

Kisha kuna meno. Wapo wazee wa Kikalenjin waliong'olewa meno mawili ya mbele ya chini utotoni, kwa desturi ya zamani, na wakazungumza vizuri maisha yao yote. Ulimi mchanga hujifunza njia nyingine. Tena f na v hutegemea meno ya juu. Hayo ndiyo yakitoka uzeeni, ulimi ukiwa umechoka, neno kama "fedha" huwa kazi kulitamka. Meno bandia yanayomkaa vizuri humsaidia. Yanayocheza humtatiza zaidi. Baadhi ya dawa za presha hukausha mate, na mdomo mkavu hautamki vyema. Asiziache dawa, amweleze daktari.

La kuangalia ni kasi. Uzee huja kwa miaka. Mzee aliyeongea sawa wakati wa chai ya asubuhi, kisha mchana maneno yanamgongana, mdomo umekwenda upande au mkono mmoja umelegea, hajazeeka ghafla. Hizo ni dalili za kiharusi. Asiachwe alale kwanza, wala asipewe chai au dawa, maana anaweza kupaliwa. Jamaa waangalie saa dalili zilipoanza, wamkimbize Hospitali ya Rufaa ya Moi kwa walio mjini Eldoret, au hospitali iliyo karibu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa anayefaa kuipata, ina muda wa saa 4 na nusu tu. Hata dalili zikiisha zenyewe, apelekwe siku hiyo hiyo.

Sauti inayofifia kidogo kidogo huku mikono ikitetemeka na hatua zikifupika huenda ni ugonjwa wa Parkinson, ambao una dawa za kuutuliza.

Na kwa yule ambaye kweli ni uzee tu: redio izimwe anapoongea, msikilizaji aketi akimtazama, na wajukuu wasimmalizie sentensi.