Wingi wa Wanyama Pekee Si Kinga



Tumezoea kupima usalama wa wanyama wetu wa porini kwa idadi. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa 250,000 hivi. Sotoka, ugonjwa uliosambaa Afrika mwishoni mwa karne ya 19 ukaangamiza ng'ombe, nyati na pofu, ulikuwa bado unawapunguza. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, nyumbu waliongezeka hata kufikia kama 1,300,000 mwaka 1977. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, liko jambo ambalo hesabu ya vichwa haionyeshi.

Mwili wa mnyama una chembe za urithi zinazotengeneza protini za kushika vipande vya vijidudu na kuvionyesha kwa walinzi wa mwili, ili adui atambuliwe. Chembe hizo ni za aina nyingi, na kila aina hutambulisha baadhi ya vijidudu tu. Mnyama mmoja hurithi aina chache kwa baba na mama. Ghala lenyewe limo katika kundi zima. Kundi likipungua mno, aina nyingi hutoweka. Waliosalia wakizaana idadi hurudi, lakini aina zilizopotea hazirudi, isipokuwa kwa mabadiliko ya urithi ya vizazi vingi sana, au kwa damu ya kundi jingine.

Katika miaka ya 1990 wataalamu walichunguza nyati wa Afrika, wakakuta aina hizo zingali nyingi licha ya sotoka. Hiyo ni dalili kwamba waliosalia hawakuwa wachache mno, na kwamba makundi yaliendelea kuchanganyikana.

Hirola, paa wa mpakani mwa Kenya na Somalia, yumo hatarini zaidi. Katika miaka ya 1970 walizidi 10,000. Leo hawafiki 500. Tena hirola ni wa pekee katika jenasi yake: hakuna jamii ya karibu ya kumwongezea damu.

Kwa hiyo, afisa anayepitisha ramani ya mashamba au barabara juu ya mapito ya wanyama asiulize tu ni wangapi watakaobaki. Hana budi kuuliza pia watakutanaje na wenzao wa upande wa pili. Nanyi walimu, wafundisheni vijana swali hilo mapema, maana ndio watakaoshika ramani hizo kesho.